Kutoka Sheli hadi Hela

Jirani yangu hapa Buguruni, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, ana kompyuta kuukuu iliyojaa karatasi za maneno, na kisanduku cha kutafutia sijamwona akikigusa. Ukimuuliza asili ya neno hela anafungua kwanza karatasi nyingine kabisa, halafu anatembea toka karatasi moja hadi nyingine. Siku za mwanzo nilidhani anazunguka bure.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Leo tunapandia wapi?"

"Sheli."

Anafungua karatasi ya Sheli. Ni fupi, mistari mitatu tu. Jina limetokana na Shell, kampuni ya mafuta, na watu wa Dar es Salaam wanaita sheli kituo chochote cha mafuta, hata kama ni cha kampuni nyingine. Mstari wa tatu ndio njia. Unakupeleka kwenye karatasi iitwayo "Jina la kampuni likageuka jina la kitu", na humo utawakuta bajaji, kolgeti, omo na kiwi ya viatu wamekaa pamoja kama abiria wa siti ya nyuma.

Hadi hapo hakuna la ajabu. Orodha ya namna hiyo hata mimi naweza kuikusanya jioni moja. Ufundi wake unaanza pale anapotoka kwenye orodha. Kando ya kila njia anaandika sentensi kamili inayoeleza kwa nini njia hiyo ipo, na asipopata sentensi, njia haichimbwi. Kutoka hapo anakwenda Daladala, na sentensi inasema: "Sheli imepata jina kwa anayeuza, daladala imepata jina kwa kinacholipwa." Maana dala ilikuwa sarafu ya shilingi tano, na ndiyo iliyokuwa nauli miaka ya 1980, magari ya watu binafsi yaliporuhusiwa kubeba abiria. Kutoka Daladala, kwa kuwa tumeshagusa sarafu, anaingia Hela.

Karatasi ya Hela ndiyo niipendayo kuliko zote. Wajerumani walipotawala huku, rupia moja iligawanywa kwa pesa 64. Mwaka 1904 wakaleta hesabu mpya, rupia moja kwa hela 100, kutokana na Heller ya kwao. Vita ikaja, Waingereza wakaja na shilingi yao, rupia ikatoweka mifukoni. Lakini pesa na hela, vile vichenchi vyake, vimebaki midomoni mwetu hadi leo, na sasa ni jina la fedha yoyote, ndogo kwa kubwa. Chini kabisa Mwalimu ameandika: "Hela moja imezipa jina fedha zote. Sheli moja imevipa jina vituo vyote." Ukibonyeza hapo unarudi ulikopandia.

Nilikaa kimya kidogo siku ile. Tulitoka kwenye pampu ya mafuta, tukapita kwenye nauli, tukafika kwenye sarafu ya Mjerumani, na kila tulipokanyaga palikuwa na sababu. Kisanduku cha kutafutia kingenipa hela kwa nukta moja, na nisingejua kamwe kwamba hela na sheli wamepita njia moja.

Vyombo vyake si vya kutisha. Alianza na kaunta buku, akazijaza kadhaa. Mjukuu wake ndiye aliyemwekea Obsidian, programu inayosoma mafaili ya maandishi matupu: ukiweka neno ndani ya mabano mraba mawili mawili, tayari ni njia, na unaweza kuona karatasi zote zinazoielekea hiyo uliyofungua. Haili bando, na umeme ukikatika nakala ipo kwenye simu. Watu wa mambo haya huuita mkusanyiko wa namna hii bustani. Kazi yenyewe ni ya zamani kuliko kompyuta zetu. Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1998, aliacha vikaratasi takriban 90,000 ndani ya masanduku, kila kimoja na namba yake, vingi vikielekeza kwa vingine. Mwaka 1981 aliandika makala nzima kuhusu kuzungumza na masanduku hayo, na kila nikimwona Mwalimu akiduwaa mbele ya sentensi aliyoiandika mwenyewe zamani, namwelewa yule Mjerumani.

Mchango wangu uliokubaliwa ni mmoja. Nilimweleza kwamba wiki, zile kurasa zinazohaririwa na yeyote, zilipewa jina hilo na Ward Cunningham mwaka 1995 kutokana na basi la uwanja wa ndege wa Honolulu, na kwamba wiki kwa Kihawaii ni haraka. Mwalimu aliweka miwani sawa. Akachapa kwa vidole viwili, polepole, akaiunganisha na Daladala: "Huku sarafu imelipa gari jina. Kule gari limezipa kurasa jina." Nilifurahi kama mtoto aliyepewa tiki nyekundu.

Mchango wa pili ulikataliwa. Buguruni tuna kituo cha Malapa, na malapa ni kandambili. Nikasema tuunganishe, mbona liko wazi.

"Nani kakwambia?"

"Si neno lenyewe, Mwalimu?"

"Kufanana si undugu, mwanangu. Mlete aliyekuwepo."

Karatasi ya Malapa ipo hadi leo, peke yake, haina njia ya kuingia wala ya kutoka. Ina neno moja tu, "Kuuliza", na chini yake tarehe za siku alizokwenda kuuliza. Jana nilihesabu nne. Alikuwa anatafuta viatu vyake, maana fundi viatu mmoja mzee wa pale kituoni hufunga mapema.