Spika Mbili, Saa Moja

Anayenunua spika mbili zisizo na waya, moja ya sebuleni na nyingine ya jikoni, hudhani kazi ni kuivusha sauti kutani. Hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Muziki wa kiwango cha CD, bila kubanwa, unahitaji takriban megabiti 1.4 kwa sekunde, na ruta ya kawaida ya Wi-Fi hubeba mara nyingi zaidi ya hapo. Kazi nzito ni kuzifanya spika zote zitoe noti moja kwa wakati mmoja.

Tatizo liko kwenye saa. Ndani ya kila spika mna kristali inayopigia mwendo sampuli za sauti, 44,100 kwa sekunde, na hakuna kristali mbili zinazolingana kabisa. Zikitofautiana kwa sehemu 50 tu katika milioni, spika huachana kwa milisekunde 3 kila dakika. Baada ya saa nzima pengo ni milisekunde 180, na aliyesimama mlangoni anamsikia mwimbaji akijirudia. Helmut Haas, katika utafiti wake wa mwaka 1949 huko Göttingen, alionyesha kuwa sikio huvumilia: sauti ile ile ikichelewa kwa milisekunde zisizozidi kama 30, tunaisikia kuwa moja. Ila spika zinazocheza stereo hazina uvumilivu huo. Milisekunde 1 inatosha kumhamisha mwimbaji upande mmoja.

Sonos, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2002 Santa Barbara, California, ilianza kuuza mfumo wake mwaka 2005 ikiwa na jibu. Spika moja huongoza kundi. Huupokea wimbo, huukata vipande, hukipa kila kipande muda wake wa kuchezwa, kisha huvigawa mapema. Nyingine hupima mara kwa mara saa zao zimepishana kiasi gani na ya kiongozi, huvihifadhi vipande na kuvicheza muda wake ukifika. Saa ikikimbia au kubaki nyuma, sampuli chache huongezwa au kuondolewa bila sikio kushtuka. Akiba hiyo pia huficha mtandao unapokwama kidogo, lakini ina gharama: ukibonyeza kitufe, wimbo husita kabla ya kuanza.

Akiba ikiisha, muziki hukatika. Wengi hulaumu spika, ilhali mara nyingi mhalifu ni masafa ya gigahezi 2.4, ambamo majirani na maikrowevu hugombana. Chagua kati ya chaneli 1, 6 na 11 ile yenye watumiaji wachache. Hizo tatu haziingiliani.

Baada ya hapo ndipo urekebishe sauti. Spika iliyobanwa kwenye kona huvimbisha besi, kwa kuwa kuta huirudisha. Isogeze mbele kabla ya kugusa programu. Tangu mwaka 2015 Sonos ina Trueplay: unazunguka chumbani na simu, maikrofoni yake inapima sauti inavyorudi, na programu inapunguza kilichozidi. Kupunguza inaweza, kujaza kilichopotea ni vigumu. Pale wimbi la spika na lile linalorudi kutoka ukutani yanapouana, ukiongeza nguvu yote mawili hukua sawasawa na besi haionekani ng'o. Hapo sogeza spika, au kiti chako.