Anayekesha Ili Mwingine Alale

Sisi wa Lubumbashi tunajua kwamba ardhi haiko sawa. Kipushi kuna zinki na shaba. Sogea kidogo, unachimba udongo mtupu. Mwili nao una mikondo yake, na ninayemsifu leo anaifahamu ramani hiyo: mtaalamu wa usingizi, yule anayekaa kichwani kwa mgonjwa huku sisi sote tukimwaza mwenye kisu.

"Mama, tuko pamoja," anasema, dawa nyeupe kama maziwa ikiingia mshipani. Ni propofoli. Damu huisambaza mwili mzima, ila hufanya kazi pale inapokuta kipokezi chake. Kipokezi kikuu ni cha GABA, kemikali iliyotambuliwa ubongoni mwaka 1950. Seli ya neva iliyokomaa ikiipokea GABA, mlango hufunguka, chembe za kloridi huingia, na seli hutulia; propofoli huzidisha utulivu huo.

Vipokezi hivyo vimeenea ubongoni, lakini si vya aina moja. Aina moja imejaa hipokampasi, panapotengenezwa kumbukumbu. Humo humo mna zinki, madini yale yale ya Kipushi, inayoweza kupunguza nguvu ya vipokezi vya GABA. Nyingine ziko talamasi, njia panda ya hisia. Kwenye uti wa mgongo na shina la ubongo, GABA husaidiana na glisini kutuliza misuli. Aliyewahi kumuona mgonjwa wa pepopunda anajua thamani ya utulivu huo: sumu ya ugonjwa ikizuia kemikali hizo mbili zisitolewe, taya hukaza na mgongo hupindika kama upinde. Hata kongosho, mbali na ubongo, lina vipokezi vya GABA kwenye seli zinazotengeneza insulini.

Ufundi wenyewe uko hapa: dawa haichagui. Inayomzimisha mgonjwa asihisi kisu inafika pia kwenye shina la ubongo, panapoongozwa pumzi. Kwa hiyo mkono wa mtaalamu hautoki kwenye taya ya mgonjwa. Anatazama kifua kikipanda na kushuka, anahesabu, anapunguza dawa, anaongeza hewa. Mgonjwa ameacha kujilinda. Yeye amepokea zamu.

Mpasuaji huacha mshono, na familia huuona. Huyu haachi alama. Mama anafumbua macho, anauliza wataanza saa ngapi, na fundi, aliyepumua naye kila pumzi, anamjibu kwa upole: "Tumemaliza, mama."