Kielezi "quite" na Mzigo wa Mfasiri

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayowapotosha wafasiri, kielezi "quite" kina hila ya pekee. Ni neno fupi, la kila siku, na kwa sababu hiyo halitazamwi mara mbili. Huandikwa "kabisa", na kazi ikasonga mbele.

Asili ya neno yaunga mkono kisawe hicho. Lilitoka katika Kifaransa cha kale, ambamo lilimaanisha kuwa huru au kutodaiwa, na tangu karne ya 14 Waingereza walilitumia kwa maana ya "kwa ukamilifu". Maana hiyo ingalipo pale ambapo kivumishi hakikubali viwango: "quite impossible" ni jambo lisilowezekana kabisa. Lakini kufikia karne ya 19 ilikwisha kuzuka maana ya pili, ya kupunguza. Kwa Mwingereza, "quite good" aghalabu ni kitu kizuri kiasi, pengine chini ya alivyotarajia. Kwa Mmarekani, maneno hayo hayo kwa kawaida ni sifa kamili: kizuri sana. Tena "quite a few", ambayo ikifasiriwa neno kwa neno ingekuwa wachache, humaanisha wengi.

Na tuchukue barua ya kumpendekeza mwombaji kazi, isemayo kuwa utendaji wake ni "quite good". Ikiwa imeandikwa na Mwingereza, huenda inasitasita. Ikiwa ni ya Mmarekani, inasifu. Mfasiri aandikaye "mzuri kabisa" katika barua zote mbili ametoa hukumu yake mwenyewe badala ya hukumu ya mwandishi, na riziki ya mtu imo ndani yake.

Kiswahili hakina upungufu hapa. Tunayo "kabisa", "hasa", "sana" na "kiasi". Tunayo pia "si haba", ambayo husifu kwa kujizuia, na ambayo mara nyingi humfaa yule Mwingereza kuliko visawe vyote. Kasoro imo katika mazoea ya kulipa neno la kigeni kisawe kimoja na kukikariri.

Kwa hiyo twashauri kwamba kamusi zetu zisiliorodheshe neno hili bila mifano ya sentensi, na kwamba mfasiri ajiulize kwanza: mwandishi ni wa wapi, na kivumishi kinachofuata kinakubali viwango? Pasipo majibu hayo, afadhali amwulize mwandishi kuliko kukisia.