Utasa, Ndugu wa Mume na Uchungu wa Bugonoka katika Riwaya ya Kitereza

Riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, imezoeleka kusomwa kama ghala la mila za Wakerewe. Usomaji huo una msingi. Mwandishi aliiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na katika toleo lililochapishwa Dar es Salaam na Tanzania Publishing House mwaka 1980 maelezo ya desturi yamejaa tele. Hata hivyo, kinachoisukuma hadithi ni mwanamke asiyezaa anayesimangwa kwa sababu hiyo.

Ndoa hii haivurugwi na wanandoa. Myombekere anampenda mkewe na hataki kumwacha. Ni maneno ya ndugu wa mume yanayowafanya wazazi wa Bugonoka wamchukue binti yao. Jeraha lake, basi, halitoki tumboni bali vinywani mwa watu. Ili arejeshewe mke, Myombekere anatozwa pombe ya ndizi. Wapo watakaoyaona maelezo ya upikaji wake kuwa marefu kupita kiasi. Kwetu ndiyo sehemu nzito kuliko zote, kwani masimango ya muda mfupi yanalipiwa kwa jasho la siku nyingi, na anayelipa si aliyesimanga. Lakini fidia hiyo inadaiwa na ukweni. Uchungu wa Bugonoka mwenyewe hauna mdai.

Jambo hili halijapitwa na wakati. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inautaja ukatili, wa mwili au wa akili, miongoni mwa ushahidi wa ndoa iliyovunjika, ila ni ukatili wa mwanandoa kwa mwenzake. Mke wa Kariakoo au Magogoni anayeulizwa na mawifi kila sikukuu, “Bado tu?”, hapati kinga katika kifungu hicho. Kitereza alimwona adui huyo mapema.

Tatizo liko kwenye ufumbuzi. Tiba ya mganga Kibuguma inafanikiwa, Ntulanalwo anazaliwa, kisha Bulihwali, na heshima ya Bugonoka inasimama juu ya watoto hao. Riwaya iliyoanza kwa kuwashutumu wasimangaji inaishia kumpa mke kile kile walichomdai. Uaminifu wa Myombekere nao haukupata kujaribiwa hadi mwisho: hatujui angesimama vipi mbele ya nduguze iwapo dawa ingeshindwa.