Fimbo namba 3 ya Pedreña: namna Seve Ballesteros alivyotoka vichakani

Wapenzi wa gofu wakimtaja Severiano Ballesteros huanza na neno kipaji na kuishia hapo hapo. Ukiwauliza alifanyaje, wanatikisa kichwa. Mimi nimechoka na jibu hilo. Mhispania huyu alishinda mataji makubwa 5: British Open mara 3 (1979, 1984 na 1988) na Masters ya Augusta mara 2 (1980 na 1983). Mapigo yake mengi yanayosimuliwa kama miujiza yanaweza kufunguliwa kipande kwa kipande, kama fundi anavyofungua injini juu ya meza. Ukiyafungua, ndani yake unakuta vitu vilevile viwili: fimbo moja ya chuma na mchanga wa pwani.

Seve alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957 huko Pedreña, kijiji kilicho ng'ambo ya ghuba ya Santander, kaskazini mwa Hispania. Baba yake alikuwa mkulima, na nyumba yao ilikuwa jirani na uwanja wa gofu wa watu wenye nafasi zao. Kaka zake watatu, Baldomero, Manuel na Vicente, walikuwa wachezaji wa kulipwa, na mjomba wake, Ramón Sota, alimaliza wa 6 kwenye Masters ya 1965. Pamoja na ukoo wote huo, yeye mwenyewe alikuwa kedi tu, mbeba mikoba, na kucheza uwanjani ilikuwa ni kwa ruhusa ya nadra. Manuel akampa fimbo namba 3 ya chuma. Mchana aliipeleka ufukweni. Usiku, mbalamwezi ikiwaka, alijipenyeza uwanjani kwa siri.

Hebu tuiangalie fimbo yenyewe. Uso wa namba 3 umesimama, pembe yake ni takriban nyuzi 21 au 22, wakati ile ya kutolea mpira mchangani imelala hadi nyuzi 55 hivi. Mchezaji wa kawaida anaruhusiwa kubeba fimbo 14 na kila moja ina kazi yake. Akitaka mpira upande, anachomoa iliyolala; akitaka uende chini na mbali, anachomoa iliyosimama. Mtoto mwenye fimbo moja hana cha kuchomoa. Lazima aigeuze hiyohiyo aliyo nayo.

Kuigeuza kwenyewe ni hivi. Mpira wa juu: unaufungua uso wa fimbo mpaka uangalie kulia, ndipo unaushika mpini, mpira unausogeza usawa wa mguu wa mbele, mikono unaishusha, kisha fimbo inakata kutoka nje kuja ndani. Uso unalala, mpira unapaa na kutua taratibu. Mpira wa chini: unaurudisha mpira usawa wa mguu wa nyuma, mikono inatangulia mbele yake, uso unafunikwa, na mpira unatoka ukitambaa. Kati ya hayo mawili kuna vidaraja vingi mno. Mtoto anayecheza kila siku peke yake huvijua kwa viganja, hata kama hana maneno ya kuvieleza.

Kisha kuna mchanga. Pwani maji yakishapwa, mchanga wenye unyevu hubaki mgumu. Hapo ukiugusa kabla ya mpira, hata kwa upana wa kidole, nguvu yote inaishia chini na mpira unaanguka hatua chache mbele yako. Nyasi humsitiri mpigaji mbovu. Mchanga humuumbua. Ballesteros alijifunza mapema kwamba chuma kianze na mpira, halafu ndiyo kiguse ardhi. Liweke hilo akilini, tutalirudia tukifika Florida.

Ulimwengu ulimfahamu Julai 1976 kwenye British Open ya Royal Birkdale. Alikuwa na miaka 19. Baada ya raundi 3 aliongoza kwa mapigo 2, lakini siku ya mwisho Johnny Miller akapiga 66 na kuondoka na kombe. Walipofika shimo la 18, Seve alikuwa akipigania nafasi ya pili. Mpira wake ulikuwa upande wa kushoto wa grini, uwanja wa nyasi fupi wenye shimo, na kati yake na bendera kulikuwa na bunka mbili, yaani mitego ya mchanga. Kitabu kingekuambia uurushe juu ya bunka. Kiangazi kile, hata hivyo, kilikuwa kikavu kuliko ilivyozoeleka Uingereza, ardhi imekauka na nyasi zimeungua. Mpira wa kurusha ungedunda na kupitiliza. Yeye aliona ujia mwembamba uliopita katikati ya bunka zile, akaufunika uso wa fimbo, akaupiga mpira chini chini. Ukadunda, ukapita ujiani, ukasimama zaidi kidogo ya mita moja kutoka shimoni. Akautumbukiza na kufungana na Jack Nicklaus katika nafasi ya pili.

Watu waliliita pigo hilo ujasiri. Mimi naona hesabu. Kwenye ardhi ngumu, mpira wa kurusha unadai mambo matatu kwa pamoja: uguse chini ya mpira barabara, utue mahali penyewe, na mdundo ukubali. Wa kutambaa unadai mstari na nguvu tu. Alichagua pigo lenye njia chache za kuharibika, ingawa kwa mtazamaji ndilo lililoonekana la hatari.

Baada ya hapo alikuja pia kwetu: mwaka 1978 alishinda Kenya Open. Wanaocheza Nairobi wanaijua nyasi ya kikuyu inavyoishika fimbo kama mtu anayekuvuta shati. Mpigaji anayeanza na mpira kabla ya ardhi hateseki nayo sana, kwa hiyo ushindi ule haunishangazi.

British Open ya 1979, Royal Lytham, ndiyo iliyomtungia jina baya. Shimo la 16, siku ya mwisho, mpira wake wa kwanza ulikwenda kulia hadi kwenye eneo la muda la kuegesha magari. Kanuni zikampa nafuu bila adhabu kwa sababu ya gari, akapiga fimbo ya mchangani hadi kwenye grini, akamaliza kwa mapigo 3 shimo linalotarajiwa mapigo 4. Aliwashinda Nicklaus na Ben Crenshaw kwa mapigo 3. Wapinzani wakamkejeli kuwa ni bingwa wa maegesho. Yeye alishikilia kwamba upande wa kulia ndio aliotaka kukosea, na mimi namwamini kwa sababu moja ya kiufundi. Kwenye viwanja vile vya pwani, nyasi mbaya kabisa huwa ni zile zilizo hatua chache nje ya njia. Ukienda mbali zaidi, watazamaji na magari wameshazikanyaga zikalala, na mpira unakaa vizuri. Kukosea kwa mbali kulikuwa nafuu kuliko kukosea kidogo.

Sasa Florida, Kombe la Ryder la 1983, Ulaya dhidi ya Marekani. Alikuwa mbele ya Fuzzy Zoeller kwa mashimo 3, ushindi ukamponyoka, wakafika shimo la 18 wakiwa sawa. Pigo la kwanza likaishia nyasi ndefu, la pili likaingia bunka. Alikuwa na zaidi ya mita 200 hadi kwenye grini na ukingo wa bunka ulikuwa mbele ya macho yake. Mtu mwenye busara angetoa fimbo fupi arudi njiani. Seve akatoa fimbo ya mbao namba 3.

Fimbo ile ina nyuzi kama 15 tu na tako lake ni pana. Mchangani, tako pana likitangulia linazama na pigo limekwisha. Ili mpira uvuke ukingo, uso sharti ufunguliwe kidogo, na ukiufungua unapoteza umbali, kwa hiyo kasi iongezwe bila miguu kutikisika, maana mchanga unateleza. Chuma kianze na mpira: somo la ufukweni Pedreña, neno kwa neno. Mpira ulifika ukingoni mwa grini na akagawana pointi na Zoeller. Nahodha wa Marekani siku ile alikuwa Nicklaus, mtu asiyesifu ovyo, na alilitaja kuwa miongoni mwa mapigo bora aliyowahi kuona.

Pigo la Crans-sur-Sierre, Uswisi, mwaka 1993, ndilo linalozunguka zaidi kwenye simu za watu. Shimo la mwisho, mpira uko kulia karibu na ukuta mrefu, matawi juu, kedi wake Billy Foster anamsihi aurudishe njiani. Akaupitisha juu ya ukuta na chini ya matawi hadi karibu na grini, kisha akautumbukiza kutoka nje ya grini. Kwa burudani halina mfano. Kwa kujifunza lina kasoro: nafasi ilikuwa ndogo mno hata kwake, na mashindano yenyewe alishinda Barry Lane kwa pigo 1.

Tuseme na upande wa pili. Mikono iliyozoea kufungua na kufunga uso wa fimbo kila pigo ni hazina karibu na grini, lakini ni mzigo kwenye fimbo kubwa ya kuanzia. Uso wake umesimama, kwa hiyo kosa dogo la mkono linaupeleka mpira pembeni sana. Mgongo uliomsumbua tangu ujana ulipomzidi, mwili haukuweza tena kuisawazisha mikono. Akazunguka kwa makocha mbalimbali, Mac O'Grady akiwa mmoja wao, akitafuta swingi ya kitabuni ambayo hakuwahi kuwa nayo. Kwa maoni yangu hapo ndipo alipojipoteza. Ushindi wake wa mwisho ulikuwa Spanish Open ya 1995, akiwa na miaka 38. Miaka miwili baadaye aliiongoza Ulaya kama nahodha kushinda Kombe la Ryder kule Valderrama. Alistaafu 2007, akagundulika na uvimbe kwenye ubongo mwaka uliofuata, na akafariki nyumbani Pedreña tarehe 7 Mei 2011. Ushindi wake 50 kwenye ziara ya Ulaya bado haujafikiwa na yeyote.

Ukitafuta video zake, achana kwanza na Crans. Anza na shimo la 18 la Birkdale, na usiutazame mpira. Tazama mikono yake ilivyotangulia mbele ya mpira kabla hajapiga. Kisha nenda kalijaribu pigo hilo kwa fimbo yoyote ndefu ya chuma uliyo nayo, kwenye ardhi ngumu.