1692 ni ya Nani?

Tuseme ukweli: Babylonstoren ni kuzuri. Hoteli hii iko kwenye shamba la mvinyo la mwaka 1692, kati ya Paarl na Franschhoek, Afrika Kusini. Ina kuta nyeupe na bustani kubwa iliyobuniwa kwa kuangalia ile ya Cape Town, ambayo Waholanzi waliianzisha 1652 ili kulisha mabaharia wao. Mgeni anatembea, anachuma tunda, anaposti.

Hoteli za aina hii huuza umri. Sawa, lakini umri wa nani? Mashamba ya Cape hayakujilima. Meli za watumwa zilianza kufika kule 1658. Baadaye wengi walitoka Madagaska, India, Indonesia na Msumbiji, yaani pwani hii yetu ikishuka kusini. Wengine waliitwa February au September, kana kwamba mama zao hawakuwapa majina. Utumwa ulifutwa 1834, ila walishikiliwa miaka 4 zaidi kama "wanagenzi". Vibarua waliowafuata walilipwa sehemu ya ujira kwa mvinyo. Juzi tu, 2012, vibarua wa zabibu wa De Doorns waligoma. Kima cha chini kilikuwa randi 69 kwa siku.

Sisemi usiende. Ukiwa na doo, nenda ulale. Lakini isome hoteli kama unavyosoma riwaya: nani anasimulia, nani hana jina? Ukitajiwa mwenye shamba wa kwanza, uliza pia aliyechimba mashimo ya mizabibu.