Upepo Unaopepeta Galaksi, na Ushahidi Uliorushwa Kutoka Ngomeni

Usiku wa kiangazi usio na mwezi, ukitoka nje pale Lingeka, mkoani Simiyu, utaiona Njia Nyeupe imetanda angani. Hiyo ndiyo galaksi yetu. Bado ina gesi, na gesi ndiyo udongo wa kufinyangia nyota mpya. Zipo galaksi nyingine bapa kama yetu, nene katikati na nyembamba kingoni, lakini hazina mikono ya kujipinda na karibu zimeacha kuzaa nyota. Edwin Hubble alizitengea nafasi mwaka 1936, wakati huo akiziwaza tu. Huitwa galaksi za umbo la lenzi. Neno lenzi linatokana na jina la Kilatini la adesi, punje bapa, si dengu ya Bariadi iliyovimba pande zote.

Gesi yao ilikwenda wapi? Sehemu kubwa ya jibu ilipitia pwani ya Kenya, nasi hatulisemi hilo vya kutosha.

Tarehe 12 Desemba 1970 roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru, na Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi huo NASA, akaiita setilaiti hiyo Uhuru. Uzito wake ulikuwa kilo 140 hivi. Mahali hapo karibu na ikweta hapakuchaguliwa kwa bahati: hapo mzunguko wa Dunia huisukuma roketi, na setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya chembe za umeme zilizojaa juu ya Atlantiki ya Kusini, ambazo zingevuruga vipimo.

Kazi yake ilikuwa kupima eksirei, ambazo angahewa huzizuia zisifike ardhini. Ilibeba vipimaji viwili vilivyopeana mgongo. Kimoja kilichungulia kupitia mwanya wa nusu digrii, karibu upana wa mwezi mpevu. Setilaiti ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, na mwanya ukafagia anga. Chanzo kidogo kama nyota kilipanda na kushuka haraka kwenye chati. Lakini mwanya ulipopita kwenye makundi ya galaksi ya Coma, Farisi na Mashuke, mlima wa chati ulikuwa mpana. Eksirei hazikutoka kwenye nukta moja. Eneo zima lililo kati ya galaksi na galaksi lilikuwa linang'aa.

Mwaka 1972 James Gunn na Richard Gott walizichukua habari za Coma wakapiga hesabu. Kama nafasi ile imejaa gesi ya mamilioni ya digrii, galaksi inayoikata kwa zaidi ya kilomita 1,000 kwa sekunde inakutana na upepo mkali. Kasi ikiongezeka mara 2, msukumo huongezeka mara 4. Aliyewahi kupepeta choroko anajua kinachofuata: makapi hupeperuka, punje hubaki. Nyota ndizo punje. Gesi ndiyo makapi. Mwaka 1976 setilaiti ya Ariel 5, nayo iliyorushwa kutoka San Marco mwaka 1974, ilileta alama ya chuma chenye joto kali ndani ya eksirei za kundi la Farisi. Ubishi kama gesi ile ipo kweli ukapungua sana.

Mwaka 1980 Alan Dressler alipima makundi 55 akaona kwamba galaksi zinavyosongamana, ndivyo za lenzi zinavyozidi na zenye mikono zinavyopungua. Mwaka 1997 yeye na wenzake, kwa darubini ya Hubble, walitazama makundi ya mbali kama yalivyokuwa takriban miaka bilioni 5 iliyopita: za lenzi zilikuwa chache mara 2 hadi 3, zenye mikono nyingi zaidi. Mabadiliko yalionekana yakitokea.

Hata hivyo upepo haumalizi hadithi. Galaksi nyingi za lenzi zina uvimbe mkubwa zaidi katikati kuliko zile zenye mikono, na kupeperusha gesi hakuongezi nyota katikati. Tena nyingine zinaishi mbali na makundi makubwa. Hizo zinahitaji kumezana kwa galaksi, au kunyimwa gesi mpya taratibu mpaka akiba iishe. Kwa maoni yangu, lenzi ni mwisho wa njia kadhaa, na ya upepo ndiyo iliyothibitishwa vizuri zaidi ndani ya makundi.

Walimu wa fizikia wa Bariadi, mkifika kwenye somo la eksirei, lianzieni Ngomeni.